Taya Linapouma: Kwa Nini Wanawake Zaidi?

Askari wa kike afikapo zahanati ya kikosi akilalamika kwamba taya lamuuma na kulia kila afunguapo kinywa, pengine hupewa vidonge na kuamriwa arudi lindoni. Wapo hata wanaomshuku kuwa anakwepa kazi. Shaka hiyo haina msingi wowote.

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya sikio. Ndani yake mna kisahani kigumu kinachotenganisha mfupa wa taya na fuvu. Gegedu likilika na kisahani kikihama au kutoboka, mifupa husuguana, na kiungo hutoa mlio mfano wa changarawe zinazokanyagwa kwa buti. Ugonjwa huu ni wa ukoo mmoja na ule ushikao magoti ya wazee. Hata hivyo, maradhi ya kiungo cha taya hayangojei uzee. Huwapata wanawake kiasi cha mara mbili kuliko wanaume, na wengi wao wana umri wa kati ya miaka 20 na 40, ndio umri wa utumishi jeshini.

Dalili moja ya chanzo chake ilitoka kwa nyani, mnyama ambaye askari wa doria wa Tanzania, Kenya na Uganda wanamjua vyema. Mwaka 1986 na 1987 wataalamu wa Texas, Marekani, walichunguza taya za nyani wakakuta katika viungo vya majike vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike. Katika madume hawakuvikuta. Tangu hapo homoni hiyo imeshukiwa kuchangia kulika kwa gegedu na kuzidisha uchungu, ingawa wataalamu hawajaafikiana. Aidha, wanawake wengi hupata nafuu wawapo na mimba.

Wanaume nao wasijione wamesalimika. Pigo la ngumi au la kitako cha bunduki laweza kuanzisha ugonjwa huohuo miaka mingi baadaye, na wengi wao huona haya kwenda kwa mganga.

Picha ya eksirei yaweza kuonyesha mfupa uliolika kwa mtu asiyeumwa kabisa. Kwa hiyo mganga huanza kwa kumsikiliza mgonjwa. Tiba ya mwanzo ni nyepesi: chakula laini, kitambaa cha moto shavuni, mazoezi ya taya, na kuacha kuuma meno kwa hasira. Kisu cha daktari huja mwisho, tena kwa wachache.