Barafu ya Minnesota, mvua ya Rugaaga: kwa nini ardhi hulegea

Familia nyingi zilizowahi kuishi Nakivale, kambi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, leo ziko Marekani na Kanada, zimehamishiwa huko kama wakimbizi waliopewa makazi mapya. Katika jimbo la Minnesota, majira ya baridi yanapokwisha, serikali huamuru malori mazito yapunguze mzigo kwa wiki kadhaa katika barabara nyingi. Barafu iliyokuwa ardhini inayeyuka, na barabara iliyoyabeba malori hayohayo bila taabu wakati wa baridi kali sasa inabonyea. Karibu na majira hayohayo, mvua za masika huanza kunyesha Rugaaga, katika wilaya hiyohiyo ya Isingiro, na kwenye barabara za udongo zinazoingia kambini Nakivale. Isingiro hakuna barafu, lakini kinachotokea chini ya gurudumu ni kilekile.

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba hilo ndilo linaloinua barabara na kupasua misingi. Mwaka 1929 na 1930 mwanajiolojia Stephen Taber wa South Carolina alionyesha kuwa maelezo hayo hayatoshi. Aligandisha udongo uliolowa kimiminika ambacho, tofauti na maji, hunywea kinapoganda, na bado udongo uliinuka. Sababu ni kwamba tabaka la barafu linaloanza kujijenga ardhini huvuta maji kutoka chini kama utambi unavyovuta mafuta, likazidi kunenepa siku hadi siku. Udongo unaoathirika zaidi ni ule wenye chembe ndogo kuliko za mchanga lakini kubwa kuliko za mfinyanzi: unavuta maji kwa nguvu, na bado unayapitisha upesi.

Madhara makubwa huja barafu inapoyeyuka. Jua huanza na tabaka la juu, huku chini kungali kumeganda, basi maji yote yaliyovutwa miezi kadhaa yanakosa pa kwenda. Hapa ndipo inapofaa kumkumbuka Karl Terzaghi, aliyeiweka elimu ya udongo kwenye msingi wa kisayansi katika miaka ya 1920. Alieleza kwamba udongo hubeba mzigo kwa sababu chembe zake zinabanana na kusuguana. Maji yaliyonaswa katikati yake yakianza kuubeba mzigo huo, chembe hulegeza mbano, na maji hayana msuguano wowote wa kutoa. Udongo uleule, mahali palepale, unageuka uji.

Kuanzia 1958 hadi 1960, miaka ambayo Nakivale nayo ilikuwa ikianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda, wahandisi wa Marekani waliyapitisha malori mchana na usiku kwenye barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, Illinois. Sehemu kubwa ya uharibifu ilitokea majira ya kuyeyuka. Jaribio hilo ndilo lililotoa hesabu inayotumika hadi leo: ekseli ikibeba mzigo maradufu, huiharibu barabara karibu mara 16. Hesabu hiyo ni ya lami na zege. Moramu iliyolowa haina hata ngozi hiyo ya kuikinga.

Afrika Mashariki pia udongo huganda, lakini kule juu tu, kwenye milima kama Kenya na Rwenzori, ambako jalidi huinua udongo usiku na jua kuubomoa mchana. Isingiro shughuli hiyo hufanywa na mvua, mara mbili kwa mwaka. Kiangazi, maji machache yaliyobaki kati ya chembe huzivuta pamoja, ndiyo maana ardhi kavu ni ngumu kuchimbwa na kingo za shimo husimama wima. Mvua ikijaza nafasi hizo, mvuto huo unatoweka.

Barabara ya moramu hupewa mgongo katikati ili maji yateremke hadi kwenye mitaro. Mgongo ukisawazika na mitaro ikaziba, maji hutuama, na kila lori la matoke au la chakula cha msaada linayasukuma zaidi ndani ya udongo. Kupitisha greda baada ya mvua bila kuzibua mitaro na makaravati ni kutupa fedha, na kwa maoni yangu ndilo kosa tunalolirudia zaidi. Tungeweza pia kuiga Minnesota: chakula kihifadhiwe kambini kabla ya masika, na malori yaliyojaa yazuiwe kwa siku chache baada ya mvua kubwa.

Hali ya barabara ni suala la afya pia. Rugaaga kuna kituo cha afya cha daraja la IV, ngazi ambayo kwa utaratibu wa Uganda inapaswa kuwa na chumba cha upasuaji, na wagonjwa walioshindikana hupelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, na gari la wagonjwa au bodaboda inayombeba hupita kwenye tope lilelile.

Nyumba za matofali mabichi nazo huanza kulika chini, maji yanapopanda ukutani kutoka ardhini. Msingi wa mawe na paa lililotokeza vya kutosha huokoa ukuta.

Choo cha shimo ndicho kinachonitia hofu zaidi, kwa kuwa kikibomoka kinaweza kumzamisha mtu, na kikifurika kinyesi huingia kwenye maji ya visima vifupi. Kanuni za Sphere, zinazoongoza misaada ya kibinadamu, zinataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, na usawa huo unapaswa kupimwa wakati wa mvua, si kiangazi. Mdomo wa shimo ujengewe kwa matofali ya kuchoma au mawe, ardhi inayouzunguka iinuliwe, na mfereji uchimbwe upande wa mlimani. Choo kilichoanza kupasuka mdomoni baada ya mvua kifungwe siku hiyohiyo, hata kama shimo halijajaa.