Je, Wajua? Gauni Lililopakwa Rangi na Roboti

Je, wajua kuwa mojawapo ya magauni maarufu zaidi katika historia ya mitindo lilipakwa rangi na roboti mbele ya watazamaji? Ilikuwa London, Septemba 1998. Mbunifu wa mitindo Alexander McQueen, mtoto wa dereva teksi aliyeacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kujifunza ushonaji mtaa wa Savile Row, alikuwa akionyesha mavazi yake ya msimu wa machipuko na kiangazi wa 1999.

Mwishoni alitokea mwanamitindo Shalom Harlow, amevaa gauni jeupe lililotanuka kama mwavuli, limebanwa kwa mkanda juu ya kifua. Akasimama kwenye jukwaa dogo la mviringo, likaanza kumzungusha taratibu. Roboti mbili za kiwanda cha magari zikanyanyua mikono yao, zikamzunguka kana kwamba zinamchunguza, kisha zikamrushia rangi nyeusi na ya manjano. Harlow, aliyewahi kusomea baleti, aliyumba huku akijikinga kwa mikono. Gauni likakamilika palepale. McQueen mwenyewe alisema onyesho hilo lilimliza.

Siku hiyohiyo alipita jukwaani Aimee Mullins, mwanariadha Mmarekani aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti tangu utotoni. Alivaa miguu bandia ya mbao iliyochongwa nakshi za mizabibu na maua, na wapo waliodhani ni buti. Kwangu mimi, kama kuna uasi wowote katika onyesho hilo la McQueen, uko hapo zaidi kuliko kwenye zile roboti: ufundi wake bora kabisa aliutoa kwa mtu ambaye majukwaa ya mitindo hayakuwa yakimwita.