Vighuba vya Visiwa vya Dar es Salaam na Hesabu ya Maji

Kati ya viwanja vya Mnazi Mmoja na ukingo wa bandari ya Dar es Salaam hapafiki kilomita 2, na hata hivyo wako wakazi wengi wa Kariakoo, Gerezani na Kisutu ambao bahari yao ni ile tu inayoonekana kutoka kivuko cha Magogoni, wala hawajawahi kukanyaga kisiwa hata kimoja kati ya vile vinavyoonekana kwa macho kutoka Msasani, Kunduchi au Mjimwema. Hali hiyo ina mizizi katika historia ya mji wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, utawala wa Waingereza uliugawa mji katika kanda tatu, ambapo Wazungu walipewa maeneo ya ufukweni yenye upepo, Wahindi wakawekwa katikati penye maduka, na Waafrika wakasukumwa nyuma, Kariakoo na baadaye Ilala, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi makusudi ili utenganishe mtaa wa Waafrika na mji wa biashara. Kanda hizo zilikwisha kisheria zamani, lakini mazoea ya kuiona pwani kuwa ni mali ya wageni na wenye magari hayakwisha pamoja nazo, na ndiyo maana safari ya boti ya kuzunguka visiwa hutangazwa zaidi kwa watalii kuliko kwa fundi cherehani wa Mtaa wa Congo, ingawa visiwa vyenyewe ni mali ya umma.

Visiwa vinavyohusika viko katika makundi mawili. Kundi la kaskazini lina Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini, ambavyo vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Eneo tengefu ni sehemu ya bahari na visiwa vyake ambamo uvuvi na uchukuaji wa kiumbe chochote umekatazwa kabisa, tofauti na hifadhi ya bahari kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ambamo wanavijiji huruhusiwa kuvua kwa masharti. Kundi la kusini, mbele ya lango la bandari na pwani ya Kigamboni, lina visiwa viwili vya Makatumbe, viwili vya Sinda, pamoja na Kendwa, nalo lilipata hadhi hiyohiyo mwaka 2007. Vyote husimamiwa na taasisi ya serikali ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kwa mujibu wa Sheria Namba 29 ya mwaka 1994.

Anayevitazama kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni vipande vya bara vilivyokatika. Asili yake ni nyingine. Visiwa hivi ni mabaki ya miamba ya matumbawe, yaani jiwe la chokaa lililojengwa na wanyama wadogo mno wa baharini, ambalo sehemu yake kubwa ilikua chini ya maji miaka ipatayo 125,000 iliyopita, wakati usawa wa bahari ulipokuwa juu kwa mita kadhaa kuliko sasa. Bahari ilipotelemka mwamba ulibaki nchi kavu, na iliporejea ilianza kuukata kwa chini, pale ambapo maji hupanda na kushuka kila siku, kwa nguvu ya mawimbi, kwa kuyeyusha chokaa, na kwa kazi ya chaza, kombe na viumbe wengine wanaolitoboa au kulikwangua jiwe. Ukingo uliokatwa hivyo huwa mfano wa uyoga, kiuno chembamba na kichwa kipana kilichoning'inia juu ya maji, na kichwa hicho kikizidi uzito huvunjika na kuanguka. Mahali ambapo jiwe lilikuwa na ufa au udhaifu, bahari huingia ndani zaidi na kufanya kighuba, yaani ghuba ndogo iliyozungukwa na mwamba pande tatu, na mchanga uliosagwa kutokana na matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa hutulia humo kwa sababu mawimbi hayaufikii kwa nguvu. Huo ndio ufuko uliojificha ambao wasafiri huutafuta: haufikiki kwa miguu kutoka ufuko mkuu bila kupita juu ya majabali makali, haupigwi na upepo, na upana wake hutegemea saa.

Saa ndiyo jambo lenyewe. Katika pwani hii bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi, na kwa sababu hiyo kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Siku chache baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu, huwa ni bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kufikia mita 3 na zaidi. Katikati ya vipindi hivyo huwa ni maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni mita 1 hivi tu. Katika siku za bamvua Dar es Salaam maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, ilhali katika siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka. Asiyeijua hesabu hii hulipia boti siku ya bamvua, akafika kisiwani saa nne asubuhi na kukuta chombo hakiwezi kusogea kwa sababu mwamba wa chini umejitokeza, akalazimika kutembea umbali mrefu juu ya mawe yenye miiba. Kisha anapokaa sawa mchana, bahari inarudi kwa kasi na kumeza kighuba chote hadi kwenye jabali. Mtu huyo hurudi nyumbani akisema kisiwa hakina ufuko.

Jambo la kushangaza ni kwamba wakazi wa Kariakoo wana kifaa cha hesabu hii ukutani mwao. Kalenda ya Hijria inayogawiwa misikitini na madukani hufuata mwezi, na bahari nayo hufuata mwezi, hivyo tarehe 8 na 9 za mwezi mwandamo, pamoja na tarehe 22 hadi 24, ndizo siku za maji mafu, ambapo kighuba hubaki na mchanga kwa muda mrefu zaidi na mikondo huwa dhaifu. Wavuvi wa soko la samaki la Feri hawahitaji kuelezwa hili.

Baada ya mwezi huja upepo. Kusi, upepo wa kusini unaoanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, huichafua bahari hasa nyakati za mchana, na miezi yake ya mwanzo huambatana na mvua za masika. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na huleta maji ya vuguvugu. Vipindi vya kati, hususan Oktoba na Novemba, ndivyo vyenye bahari tulivu na maji maangavu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, na hakuna sababu ya kuupuuza kwa kuwa tu anga ya Mnazi Mmoja ni nyeupe.

Njia za kufika ni tatu. Kwa Bongoyo, msafiri huchukua daladala ya Masaki au Msasani na kupanda boti katika eneo la Slipway, mwendo wa nusu saa hivi majini. Kwa Mbudya, anaweza kupanda basi la mwendokasi kutoka Gerezani hadi Morocco, kisha daladala ya Barabara ya Bagamoyo hadi Kunduchi, ambako kisiwa kiko mbele ya macho, kilomita chache tu kutoka pwani. Kwa Sinda, huvuka Magogoni kwa kivuko au hupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, na kukodi chombo katika fukwe za Mjimwema. Safari ya visiwa zaidi ya kimoja kwa siku moja hufaa zaidi kaskazini, kwa sababu Pangavini iko kati ya Mbudya na Bongoyo, ingawa yenyewe ni kisiwa cha majabali ambacho kwa kawaida hutazamwa kutoka chomboni. Fukwe kuu za Mbudya na Bongoyo, zenye vibanda vya makuti na samaki wa kukaanga, hujaa watu Jumamosi na Jumapili. Penye faragha ni kwenye vighuba vya kando, na nahodha mzoefu ndiye ajuaye ni kipi kinaingilika kwa upepo wa siku hiyo.

Woga wa boti hauna budi kuzungumzwa kwa heshima, kwa maana watu wengi wa mji huu walipoteza ndugu katika ajali ya MV Spice Islander mnamo Septemba 2011 na ile ya MV Skagit mnamo Julai 2012. Vyombo hivyo vilikuwa meli za abiria katika mikondo mikuu ya Zanzibar, na safari ya Bongoyo ni fupi, hupita ndani ya maji yaliyokingwa na miamba, lakini chombo kidogo nacho kina hatari zake, ambazo aghalabu ni abiria kuzidi, injini moja isiyo na akiba, na maboya ya kujiokolea yaliyofungiwa chini ya viti. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini, hukagua na kusajili hata boti ndogo, na abiria ana haki ya kuuliza cheti. Watu wanaokodi boti kwa pamoja, kama kikundi cha vikoba au wafanyakazi wa duka moja, hugawana gharama na huwa na sauti kubwa zaidi ya kukataa abiria wa ziada.

Ndani ya eneo tengefu sheria ni rahisi kueleza na ngumu kutii: hakichukuliwi kitu. Kombe tupu ambalo mtoto huliokota huwa nyumba ya kaa, na matumbawe ya miamba hii yamekwisha kuteseka vya kutosha, kwanza kwa uvuvi wa baruti, ambao ulipigwa marufuku mwaka 1970 na bado mishindo yake ikasikika kwa miongo kadhaa, kisha kwa joto la bahari la mwaka 1998, ambalo liliyapausha na kuua matumbawe mengi katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Mchanga nao si wa kudumu. Kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani, kilikuwa na miti na mazalia mashuhuri ya kasa, lakini miti ilipotoweka mawimbi yalikila, na tangu miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa na maji yanapojaa. Anayekata kuni kisiwani kwa ajili ya kuchoma samaki anapaswa kukumbushwa habari ya Maziwe.

Visiwani hakuna kisima cha kutegemewa, hivyo maji ya kunywa hubebwa kutoka mjini na chupa hurudishwa mjini. Viatu vya plastiki viitwavyo yeboyebo, ambavyo Kariakoo vimejaa tele, huokoa nyayo kwenye jiwe kuliko kandambili. Anayetaka kuanza na aanze na Bongoyo, katika siku ya maji mafu isiyo ya mwisho wa juma, afike Msasani kabla ya saa tatu asubuhi, ahesabu maboya kabla ya kuuliza nauli, na adai risiti ya kiingilio cha eneo tengefu, kwa sababu raia hutozwa kiwango chake na mgeni chake.