Siri za Askari Mikononi mwa Mtafiti

Utafiti unaofanywa katika jumuiya za wanajeshi hukusanya mambo ambayo mtu hamwambii hata ndugu yake wa tumbo moja: usingizi uliopotea tangu aliporudi vitani, pombe, ugomvi wa nyumbani, fikra za kujiua. Bila majibu hayo serikali haiwezi kujua vita vimewafanya nini watu iliowatuma. Yakifika mahali pasipo pake, majibu hayo hayo yanaweza kumkosesha askari cheo, kumvunjia ndoa, na wakati mwingine kumwonyesha adui njia ya kumfikia. Kwa hiyo namna taarifa zinavyotunzwa ndiyo inayoamua kama utafiti wenyewe utakuwa na faida yoyote.

Jumuiya hiyo ni pana kuliko waliovaa sare. Wamo wanajeshi walio kazini, wa akiba, wastaafu, wake na waume zao, na watoto wanaohama shule kila mzazi anapopangiwa kambi nyingine. Sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales iliuliza kwa mara ya kwanza kama mtu aliwahi kulitumikia jeshi, na wastaafu wakahesabiwa kuwa karibu milioni 1.85. Huko huko Uingereza, watafiti wa chuo cha King's College London wamekuwa wakifuatilia afya ya wanajeshi tangu vita vya Iraq vya mwaka 2003. Matokeo yao ya kwanza makubwa, yaliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2006, yalitokana na majibu ya watu 10,272. Mwaka 2013 walichapisha kazi nyingine iliyounganisha taarifa za wanajeshi karibu 14,000 na kumbukumbu za polisi, ili kuona ni nani walioangukia katika makosa ya jinai na kwa nini. Kazi ya namna hiyo ina thamani kubwa, lakini huweka mahali pamoja aliyoyaona mtu vitani, hali ya akili yake na makosa yake mbele ya sheria. Faili la aina hiyo likivuja, aliyeumia vitani ataumizwa mara ya pili.

Askari wenyewe wanalijua hilo, nao hujilinda kwa kunyamaza. Ushahidi mzuri ulitoka Marekani mwaka 2011. Askari wa brigedi moja ya miguu waliorudi kutoka Iraq walijaza kwanza fomu ya afya ya kawaida, ile yenye jina na inayoingia katika faili la mhusika. Baadaye baadhi yao wakajaza hojaji isiyo na jina, iliyouliza juu ya dalili zile zile. Walioonyesha dalili za sonona, kiwewe cha vita au fikra za kujiua katika hojaji isiyo na jina walikuwa mara mbili hadi mara nne ya walioonekana katika fomu yenye jina. Miongoni mwa wenye dalili, mmoja kati ya watano hivi alisema hakuwa huru kueleza ukweli katika fomu ya kawaida. Jeshi lingetegemea fomu ya kwanza peke yake, lingejidanganya kwamba vijana wake wamerudi salama.

Hofu hiyo ina msingi. Jeshini, afya ndiyo inayoamua nani abebe silaha, nani arushe ndege, nani apandishwe cheo. Daktari naye mara nyingi ni afande. Sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa ina mlango maalumu unaoruhusu kamanda apewe taarifa za afya za askari pale zinapohusu uwezo wake wa kutekeleza jukumu. Ndiyo maana mtafiti hulazimika kueleza waziwazi, tena kabla ya swali la kwanza, kwamba daftari lake si faili la hospitali ya kambi na halipiti mezani pa kamanda.

Suala la ridhaa ni gumu zaidi. Afande akiamuru kombania nzima iende ukumbini kujaza hojaji, ni askari gani atakayebaki nje? Wizara ya Ulinzi ya Marekani imeliona hilo, na kanuni zake zinawakataza maofisa na viongozi wa kikosi kushawishi uamuzi wa walio chini yao kuhusu kushiriki, na pia kuwapo mahali askari wanapoombwa kujiunga. Utafiti ukiwa na hatari zaidi ya kawaida na askari wakiitwa kwa makundi, anawekwa mtu asiyehusika na utafiti, ahakikishe kwamba wanaelewa kuwa wako huru kukataa. Uingereza nayo ina kamati ya maadili ya Wizara ya Ulinzi, ambayo hupitia tafiti zinazowahusisha wanajeshi kabla hazijaanza.

Masharti haya yana historia chungu. Mwezi Mei 1953, katika kituo cha Porton Down kusini mwa Uingereza, kijana wa jeshi la anga aliyeitwa Ronald Maddison, mwenye umri wa miaka 20, alidondoshewa sumu ya sarini mkononi katika jaribio la kisayansi, akafa. Uchunguzi wa kifo chake wa wakati ule ulifanywa kwa siri. Ilibidi usubiriwe mwaka 2004 ndipo baraza la mahakama liseme kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Kwa nusu karne siri ililinda kituo, na familia ya marehemu ikabaki gizani. Siri inayotakiwa katika utafiti wa leo ni ile inayomlinda mshiriki.

Kivitendo ulinzi huo huanza na karatasi mbili. Ya kwanza ni fomu ya ridhaa, yenye jina na sahihi. Ya pili ni hojaji, ambayo badala ya jina au namba ya jeshi ina msimbo tu, tuseme K-0417. Jedwali linaloonyesha kwamba K-0417 ni fulani hutunzwa mbali na majibu, katika seva nyingine au kabati jingine lenye kufuli, na huguswa na watu wawili au watatu tu. Anayechambua takwimu huona misimbo bila majina. Muda uliotajwa katika fomu ukiisha, jedwali hilo huharibiwa, na kuanzia hapo hata watafiti wenyewe hawawezi tena kumrudia mtu kwa njia hiyo.

Hata hivyo, kufuta jina hakutoshi, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtaalamu wa kompyuta Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambuliwa kwa mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Mwanajeshi ana alama nyingi kuliko hizo. Ana cheo, kikosi, fani, tarehe ya kwenda vitani na ya kurudi. Ripoti ikiandika kwamba kapteni wa kike, daktari wa meno, aliyehudumu katika kambi fulani mwaka fulani ana tatizo la pombe, kambi nzima itamjua kabla ya chakula cha mchana. Watafiti waangalifu hukwepa mtego huo kwa kuunganisha vyeo katika makundi mapana, kutaja umri kwa miaka kumi kumi, kuacha jina la kikosi, na kuficha kila tarakimu ndogo katika majedwali. Katika mahojiano ya ana kwa ana kazi huwa nzito zaidi, kwa sababu kisa kimoja cha shambulio linalojulikana kinatosha kumtaja aliyekisimulia.

Mashine nazo zina matundu yake. Mwezi Mei 2006 wezi walivunja nyumba ya mfanyakazi mmoja wa idara ya wastaafu wa jeshi ya Marekani, jimboni Maryland, wakaondoka na kompyuta mpakato na diski. Ndani yake mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao milioni 26.5, bila kufungwa kwa msimbo wowote. Vifaa vilipatikana mwezi Juni, na wapelelezi wakaona kwamba huenda data hazikufunguliwa, lakini kesi iliyofuata iliigharimu serikali dola milioni 20. Uzembe huo ulikuwa wa kawaida kabisa: mtu alichukua kazi akaenda nayo nyumbani.

Hata taarifa zinazoonekana kuwa za mchezo zinaweza kuhatarisha maisha. Kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilichapisha mwaka 2017 ramani ya njia ambazo watumiaji wake hukimbia na kuendesha baiskeli. Mapema mwaka 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aligundua kwamba ramani hiyo ilimulika kambi za kijeshi katika nchi kama Afghanistan na Syria, kwa sababu askari walikuwa wakifanya mazoezi na saa zao mkononi. Mwezi Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikapiga marufuku vifaa vinavyoonyesha mahali mtu alipo katika maeneo ya operesheni. Mtafiti anayewavisha askari saa ya kupima usingizi au mapigo ya moyo amebeba hatari ile ile.

Familia husahaulika mara nyingi, ilhali nazo hazina pa kujificha. Mke anayesimulia kwamba mumewe humpiga anaishi katika nyumba ya jeshi, jirani yake ni mke wa bosi wa mumewe, na mshahara wa nyumba hiyo unategemea jina la mume kubaki safi. Mahojiano yake hayafai kufanyiwa sebuleni wala kupangwa kwa simu ya mume. Isitoshe, lazima aambiwe mapema pale ahadi ya siri inapokoma: mtafiti akiona uhai wa mtu uko hatarini, au mtoto anadhurika, atalazimika kuwaeleza wanaoweza kusaidia.

Sheria za Afrika Mashariki zinatoa mahali pa kuanzia. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Sheria za namna hii huacha nafasi kwa usalama wa taifa, na nafasi hiyo isigeuzwe kisingizio cha kumnyima askari faragha ambayo raia mwenzake anaipata.

Anayeletewa fomu ya utafiti kambini, awe askari, mstaafu au mwenza wake, aulize kabla ya kutia sahihi: nani atayaona majibu yangu, jina langu litatunzwa wapi, litafutwa lini, na nikijitoa kesho taarifa zangu zitakwenda wapi. Mtafiti asiyeweza kujibu maswali hayo manne papo hapo hajawa tayari kuanza kazi, na hapaswi kupewa sahihi hiyo.