Akikataa chapati, hajakukataa wewe

KWETU pwani mgeni haulizwi kama ana njaa. Huwekewa. Mkeka hutandikwa, sinia hushushwa, kawa hufunuliwa, na mwenye nyumba hukaa karibu akiangalia mkono wa nani umelegea. "Ongeza basi, mbona huli?" ni neno la mapenzi. Mtu akikataa mara ya pili watu huanza kutazamana. Akikataa mara ya tatu, shangazi hujiuliza amemkosea nini.

Desturi hii ni njema na haina budi kudumu. Lakini miongoni mwa jamaa zetu wamo watu ambao hiyo "ongeza basi" ni mtihani mzito kwao. Si watu wa maringo, wala hawajaiga mambo ya kigeni. Ni wagonjwa. Maradhi yao huitwa siliaki, na mpaka leo tiba yake ni moja tu: kutokula ngano, shayiri, wala ile nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, maisha yao yote.

Mtu wa namna hii akiwa jikoni kwake hana taabu kubwa. Taabu humwanza anapotoka kwenda kula pamoja na watu wake.

Ni maradhi gani haya?

Ndani ya ngano mna kitu kiitwacho gluteni. Hicho ndicho kiufanyacho unga ukandike na kuvutika, hata chapati ikasukumwa ikawa nyembamba bila ya kukatika. Kwa watu wengi hakina neno. Lakini mwenye siliaki akikila, kinga ya mwili wake hukosea. Badala ya kupigana na adui, huushambulia utumbo wake mwenyewe. Katika utumbo mwembamba mna vitu vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za zulia, na kazi yao ni kufyonza manufaa ya chakula. Nyuzi hizo huharibika zikalala, na chakula kikapita bila ya kumfaa mlaji.

Basi utamwona mmoja anaharisha na kujaa tumbo mara kwa mara. Mwingine tumbo halimsumbui hata kidogo, lakini damu yake haitoshi mwaka baada ya mwaka, juu ya vidonge vyote anavyomeza. Mtoto huweza kudumaa, na mwanamke huweza kuchelewa kupata mimba. Kwa kuwa dalili zake ni nyingi, wengi hutibiwa maradhi mengine kwanza, na wengine husemwa kuwa wamepatwa na kijicho.

Maradhi haya hayaambukizi, lakini hufuata damu: mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa ana hatari kubwa kuliko mtu baki. Hupimwa kwa damu, kisha aghalabu daktari huchukua kipande kidogo cha utumbo akakitazama kwa darubini. Na hapa pana onyo. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa, kwani akiiacha mapema kipimo huweza kusema hana kitu, hali anacho.

Si maradhi ya Wazungu peke yao

Aliyevumbua kuwa ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano hata kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kisha ikaja ile baridi kali ya 1944 na 1945, Waholanzi wakafa njaa, mkate ukaadimika, watu wakala hata vitunguu vya maua. Watoto wenye siliaki, badala ya kuzidiwa, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Mwaka 1950 Dicke aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo, na tangu hapo mgonjwa akaanza kujua nini cha kuepuka.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya Ulaya. Wamekosea. Mwaka 1999 madaktari walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 989 wa Kisahrawi, Waislamu wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Karibu watoto 6 katika kila 100 walikuwa na siliaki, hali katika nchi nyingi hukisiwa kuwa ni mtu mmoja tu katika kila 100. Watu hao asili yao ni wafugaji waliozoea maziwa na nyama ya ngamia, na katika siku za karibuni mkate wa ngano umekuwa ndicho chakula chao kikubwa.

Sinia moja, mikono mingi

Tuseme basi mwenye siliaki amealikwa kwa khalati yake. Sinia ni la pilau. Mchele hauna gluteni, nyama haina, kachumbari haina. Angeweza kula akashiba. Lakini kando pana chapati, na watu watano wanazimega, wanachovya katika bakuli moja la mchuzi, kisha mikono ile ile inarudi katika wali. Chembe zinaanguka, na hakuna anayeziona.

Je, chembe zaweza kudhuru? Ndiyo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku, kwa muda wa miezi mitatu, zilitosha kuudhuru utumbo wa wagonjwa. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya kuhesabiwa kwa gramu, na gramu moja ni miligramu 1,000. Ndiyo maana mgonjwa huomba apakuliwe sahani yake mapema, kabla mikono haijaingia. Haoni kinyaa kula na watu. Anaogopa chembe.

Mambo huzidi katika mwezi wa Ramadhani. Sambusa, kaimati, tambi na mkate wa mayai vyote ni ngano. Shurba huweza kuwa ya ngano au shayiri. Bokoboko, lipendwalo sana siku ya Idi, ni ngano tupu pamoja na nyama. Hata kile kinywaji cha malti kisicho na ulevi, ambacho wengi hukinywa bila ya shaka yoyote, asili yake ni shayiri.

Mkipanga kwenda hotelini

Nyumbani angalau mpishi ni mtu wako. Hotelini hata yeye humjui. Jioni ya Idi jamaa kumi wanakwenda kula karibu na bahari. Kila mtu anaagiza upesi, na mmoja anabaki akimuuliza mhudumu: Hizi bhajia ni za dengu peke yake, au zimetiwa unga wa ngano? Viazi vimechovywa katika unga gani? Mafuta ya karai hili hukaangiwa sambusa pia? Mchuzi umetiwa unga uwe mzito?

Ni maswali ya haki, kwa sababu mafuta yaliyokaanga sambusa huacha ngano katika kila kitakachofuata. Lakini mhudumu ana meza nyingine sita, watoto wana njaa, na ami ameanza kununa: "Tumekuja kula au kuhojiana?" Hapo mgonjwa hushikwa na haya. Husema, "Basi, leteni chochote." Anakula pamoja na wenziwe, anacheka pamoja nao, na usiku akiugua huugua peke yake nyuma ya mlango.

Ubaya wake hauishii hapo. Safari nyingine akikataa huambiwa, "Mbona siku ile ulikula na hukufa?" Kweli hakufa. Madhara ya siliaki aghalabu hayaji kwa kishindo. Hujikusanya polepole katika damu, katika mifupa na katika utumbo, na anayemlazimisha leo hatakuwapo siku daktari atakapotoa habari.

Dini yetu yasemaje?

Huja mzee akasema kwamba Mtume (S.A.W.) alikula mkate wa shayiri, nawe ni nani hata uukatae? Jawabu ni kuwa mgonjwa haidharau neema ya Mungu. Anahifadhi amana ya mwili wake. Tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi, na mgonjwa amepewa ruhusa hata katika saumu ya Ramadhani, iliyo nguzo ya dini. Itakuwaje asiruhusiwe kuacha chapati?

Hadithi iliyo mashuhuri yatueleza kwamba Mtume aliletewa nyama ya guruguru wa jangwani, nyumbani kwa mkewe, Bibi Maimuna, ambaye alikuwa khalati yake Khalid bin Walid. Alipojulishwa ni nyama gani, aliurudisha mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu, akaambiwa la, ila si chakula cha nchi ya watu wake. Khalid akala, na Mtume anamtazama. Hapakuwa na ugomvi, wala hapana aliyelazimishwa. Mmoja alikula, mmoja aliacha, na karamu ikaendelea.

Tena ifungueni Sura ya An-Nur, aya ya 61. Humo hutajwa kipofu, kiwete na mgonjwa kuwa hawana lawama, zikatajwa nyumba za baba, mama, ndugu, ami, shangazi, mjomba na khalati, na ikaelezwa kwamba si kosa kula pamoja wala kula mbalimbali. Basi anayekula katika sahani yake peke yake, ndani ya nyumba ya shangazi yake, hakuvunja udugu.

Kila mmoja na wajibu wake

Mgonjwa ana wajibu wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asingoje mpaka sinia lishushwe ndipo aanze kueleza. Amwambie mwenye nyumba siku mbili tatu kabla, kwa maneno machache: sili ngano wala shayiri, hata chembe, daktari amenikataza. Mkienda hotelini, apige simu au apite mapema mpishi akiwa na nafasi, aulize kwa utulivu. Samaki wa kuchoma na wali mweupe, vilivyopikwa katika vyombo safi, mara nyingi hutosha.

Nasi jamaa tuna wajibu wetu. Tumpakulie kwanza. Upawa uliokoroga bokoboko usiingie katika sufuria yake. Chakula chake kisiandaliwe juu ya kibao kilichosukumiwa chapati. Hotelini, ami mwenyewe na amuulizie mhudumu, ili kijana asione haya.

Wala si gharama. Upishi wetu wa asili umesimama juu ya mchele, nazi, muhogo, ndizi, mtama, mbaazi na samaki. Vitumbua na mkate wa sinia ni vya mchele, mradi mpishi asichanganye unga wa ngano. Mbaazi za nazi zaweza kuliwa kwa muhogo badala ya mahamri. Nyumba yenye vitu hivi haishindwi kumkirimu mgeni huyu.

Basi Idi ijayo, akija jamaa yetu akaiacha chapati, tusimuulize mbele ya watu ana nini. Tumsogezee sahani tuliyomwekea kando, na akisema, "Alhamdulillahi, nimetosheka," tumwamini.