Dawa ya kifafa na uzazi wa mpango: Onyesha kadi zote mbili

Mama mwenye kifafa huchukua dawa zake kliniki moja, iwe Mirembe hapa Dodoma au zahanati ya kijijini. Vidonge vya uzazi wa mpango huvichukua kliniki ya mama na mtoto. Kadi mbili, matabibu wawili, na pengine hakuna aliyeiona kadi ya mwenzake. Mimba isiyotarajiwa ikiingia, lawama huanza: mume anadai mke hakumeza vidonge, mke anaapa kuwa amemeza.

Huenda mama anasema kweli. Fenobabitoni ni dawa ya kutuliza iliyoanza kutumika mwaka 1912, na bado inatibu kifafa katika vituo vyetu. Dawa hii hulichochea ini kuvunja dawa nyingine kwa kasi. Homoni za vidonge vya uzazi huvunjwa kabla hazijamaliza kazi yake. Kabamazepini na fenitoini hufanya vivyo hivyo, na rifampisini ya kifua kikuu huzidi. Vijiti vya mkononi na vidonge vya dharura navyo huweza kupungua nguvu. Valium, ingawa nayo ni dawa ya kutuliza, haina tabia hiyo.

Mama afanye nini? Kwanza, asiache dawa ya kifafa. Kuiacha ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo, nacho huua. Kinachobadilishwa ni njia ya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi 3 na kitanzi cha shaba haviharibiwi na dawa hizi. Hata daktari akiisimamisha dawa, ini huhitaji wiki 4 hivi kurudi hali yake, hivyo kinga nyingine iendelee kwa muda huo.

Aliyekwisha kushika mimba naye asiache dawa, bali awahi kliniki. Baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Ndiyo maana mimba hiyo inafaa ipangwe mapema pamoja na daktari, na mama aanzishiwe vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba.

Nanyi akina baba, kabla ya kulaumu, ulizeni mama anatumia dawa gani. Siku ya kliniki mkumbushe achukue kadi zote mbili, na ikiwezekana mfuatane. Wallahu a'lam.