Dalali Mwenye Mizani: Miaka Thelathini ya Matangazo ya Intaneti

Mwaka 2024 Alphabet, kampuni mama ya Google, ilikusanya dola bilioni 264.6 kutokana na matangazo peke yake. Jumlisha pato la taifa la Kenya na la Tanzania kwa mwaka huo na bado hulifikii fungu hilo. Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, walipata bilioni 160.6. Amazon, ambayo wengi wetu tunaijua kama duka, iliingiza bilioni 56 kwa kuuza nafasi za matangazo, nyingi zikiwa ndani ya duka hilo. Kampuni zote tatu ni za Marekani, na zote zinauza bidhaa ambayo mnunuzi hana namna rahisi ya kuipima mwenyewe. Tangu biashara hii ianze, vipimo vyake vimekuwa vikiboreka mwaka hadi mwaka. Tatizo ni kwamba kila vilipoboreka, vilizidi kuhamia mikononi mwa muuzaji.

Kabla ya intaneti, mwenye kiwanda cha sabuni alilipia ukurasa wa gazeti, gazeti likatoka, naye akabaki kukisia. Waliouza matangazo ya kwanza ya mtandaoni hawakuwa na mawazo tofauti. Tarehe 27 Oktoba 1994, HotWired, jarida la mtandaoni la San Francisco, liliweka mabango yake ya kwanza ya kulipiwa. Lililobaki midomoni mwa watu ni la kampuni ya simu ya AT&T: kipande chembamba cheusi chenye maandishi ya rangirangi, kikimwuliza msomaji kama amewahi kubofya hapo, kisha kikimhakikishia kwamba atabofya. AT&T ililipa dola 30,000 kwa miezi mitatu, malipo ya mkupuo kama ya ukurasa wa jarida. Inasimuliwa kwamba kati ya kila watu 100 waliouona ukurasa ule, 44 walibofya. Hawakuuziwa simu, walipelekwa kutembezwa kwenye makumbusho ya dunia. Leo bango la kawaida halipati hata mbofyo mmoja katika mia.

Mwaka huohuo, kijana wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alibuni vidakuzi, yaani vijifaili vinavyokifanya kivinjari kikumbukwe na tovuti kilizopita. Kusudi lilikuwa la heri: duka la mtandaoni lisisahau mteja ameweka nini kwenye kapu lake. Haukupita muda kampuni za matangazo, DoubleClick ya New York ikiwa mbele, zikagundua kwamba kidakuzi kilekile kinaweza kumfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Mwaka 1996 Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni na nepi, waliibana Yahoo hadi ikakubali kulipwa kwa mbofyo badala ya kwa kuonekana. Wenye tovuti hawakufurahi, kwa sababu biashara iliyowapa fedha kwa kuonyesha tu sasa ilidai matokeo.

Nafasi zilivyozidi kuwa nyingi na bei kushuka, waliotangaza wakaanza kupiga kelele. Yale madirisha yanayochomoza yenyewe mbele ya unachosoma yalitokana na msimbo wa kompyuta ulioandikwa na Ethan Zuckerman alipokuwa akifanya kazi kwenye tovuti ya Tripod.com. Kampuni moja ya magari ilikuwa imekasirika kuona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa ngono, naye akaona suluhisho ni kulitoa tangazo nje ya ukurasa, kwenye dirisha lake pekee. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Ni mmoja wa wachache sana katika sekta hii waliowahi kufanya hivyo.

Fedha kubwa hazikutoka kwenye mabango. Zilitoka kwenye kisanduku cha kutafutia. Mwaka 1998 Bill Gross wa California alianzisha GoTo.com, mtambo wa kutafuta uliouza maneno kwa mnada. Ukitaka kuonekana mtu anapoandika neno "bima", taja dau lako kwa kila mbofyo. Mwenye dau kubwa anakaa juu. Wataalamu waliona ni uchuuzi usio na haya. Mwaka huohuo Sergey Brin na Larry Page, waanzilishi wa Google, wakiwa bado wanafunzi Stanford, walionya katika maandishi yao ya kitaaluma kwamba mtambo wa kutafuta unaoishi kwa matangazo hauna budi kuwapendelea wanaolipa na kuwapunja wanaotafuta. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2000, walifungua AdWords, mfumo wa matangazo wa Google, kwa wateja 350. Njaa haina miiko.

Google haikuiga mnada wa GoTo kama ulivyo. Mwaka 2002 iliongeza kitu kimoja kilichobadilisha kila kitu, na inafaa tukieleze kwa hesabu. Chukua wauza magodoro wawili. Wa kwanza ameweka dau la shilingi 1,000 kwa kila mbofyo, lakini tangazo lake halivutii, hubofywa mara 1 kila linapoonekana mara 100. Wa pili ameweka shilingi 500 tu, ila lake hubofywa mara 4. Kwa GoTo wa kwanza angekaa juu bila mjadala. Kwa Google, katika maonyesho 100 wa kwanza anaingiza shilingi 1,000 na wa pili 2,000, kwa hiyo wa pili ndiye anayepanda. Tena halipi 500 yake yote. Analipa kiasi cha kumpita mwenzake tu, yaani shilingi 250 na ushei.

Mnada huo ulikuwa mzuri kwa karibu kila mtu. Mtafutaji aliona matangazo yanayohusiana na alichokiuliza, mfanyabiashara mdogo mwenye tangazo zuri alimshinda tajiri mwenye tangazo bovu, na Google iliingiza fedha zaidi. Kampuni ya Gross, iliyokuwa imebadilisha jina na kuitwa Overture, ilifungua kesi ya hataza. Yahoo ikainunua Overture mwaka 2003, na mwaka uliofuata Google ikamaliza shauri kwa kuipa Yahoo hisa milioni 2.7. Jambo moja tu halikuzungumzwa sana wakati ule. Katika mfano wetu, nani aliyesema tangazo la kwanza lingebofywa mara 1 na la pili mara 4? Google yenyewe. Dalali aliyeendesha mnada ndiye aliyeshika mizani, na ndiye aliyepata kamisheni.

Mizani ya utafutaji bado ilikuwa na adabu fulani, maana angalau mbofyo unahesabika. Kwenye mabango mambo yalikwenda mbali zaidi. Kuanzia kati ya 2005 na 2010 yalizuka masoko ya mnada wa papo kwa papo. Unapofungua ukurasa wa habari, kabla haujamaliza kujaa, taarifa zako (uko mji gani, unatumia simu gani, umetoka kutazama nini) zimekwisha kurushwa kwa makumi ya wanunuzi, dau zimetajwa, mshindi amepatikana. Yote hayo huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde. Katikati ya mwenye tovuti na mwenye tangazo wakajipanga mawakala wa muuzaji, mawakala wa mnunuzi, wauza takwimu na wapimaji. Utafiti wa umoja wa watangazaji wa Uingereza, ISBA, uliofanywa na PwC na kutolewa mwaka 2020, uligundua kwamba katika kila pauni iliyotolewa na mwenye tangazo, peni 51 tu ndizo zilizomfikia mwenye tovuti. Kibaya zaidi, peni 15 hazikuweza kufuatiliwa hadi mwisho. Wakaguzi wa PwC, watu ambao kazi yao ni kusaka fedha, hawakuona zilikokwenda.

Google ilikamilisha ununuzi wa DoubleClick mwaka 2008 kwa dola bilioni 3.1, na hivyo ikamiliki chombo cha muuzaji, uwanja wa mnada na chombo cha mnunuzi kwa pamoja, huku uwanja ukikata takriban asilimia 20 ya kila mauzo. Katika kesi iliyofunguliwa na serikali ya Marekani ulitolewa ujumbe wa mfanyakazi wa Google mwenyewe akiuliza kama hapo hapana tatizo, akifananisha hali hiyo na benki kubwa kumiliki soko la hisa la New York. Tarehe 17 Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa Virginia aliamua kwamba Google imejenga ukiritimba kinyume cha sheria katika mawili kati ya masoko matatu yaliyolalamikiwa. Septemba mwaka huo Umoja wa Ulaya ukaitoza faini ya euro bilioni 2.95 kwa mwenendo huohuo. Kampuni inayapinga yote mawili.

Magazeti hayakusubiri hukumu. Nchini Marekani mapato yao ya matangazo yalikuwa karibu dola bilioni 49 mwaka 2006. Kufikia 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10.

Facebook ilikuja na aina nyingine ya nguvu. Google ilijua unachokitafuta sasa hivi. Facebook ilijua wewe ni nani hata kama hutafuti chochote. Ilipouza hisa zake sokoni Mei 2012 haikuwa na mapato ya maana kutoka kwenye simu, na wawekezaji walitishika. Robo ya mwisho ya 2013, zaidi ya nusu ya fedha zake za matangazo zilitoka kwenye simu. Ni vigumu kuitaja kampuni kubwa nyingine iliyogeuza chombo katikati ya bahari kwa kasi hiyo.

Lakini mizani ni ileile. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa miaka miwili ilikuwa imewaambia wateja muda mrefu kupita kiasi wa watu kutazama video, kwa asilimia 60 hadi 80. Sababu ni kwamba hesabu ya wastani iliwaacha nje wale waliotazama chini ya sekunde tatu. Kesi iliyofuata ilimalizwa kwa dola milioni 40. Aliyekosea ndiye huyohuyo aliyepima, na hakukuwa na ofisi ya vipimo ya kupeleka jiwe la kilo likakaguliwe.

Apple nayo iliingia mwaka 2021, ikitaka wenye iPhone waulizwe kama wanakubali kufuatiliwa na programu. Wengi walikataa. Meta ilikadiria kwamba hatua hiyo ingeigharimu kama dola bilioni 10 kwa mwaka 2022. Google kwa upande wake ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaondoa vidakuzi vya watu wa pembeni kwenye Chrome, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo.

Je, matangazo haya yanafanya kazi? Wachumi waliokuwa eBay walijaribu kujibu mwaka 2012 kwa njia ya kikatili: walizima. Waliacha kulipia neno "eBay" kwenye mitambo ya kutafuta, na karibu watu wote waliokuwa wakibofya tangazo wakaingia kwa kubofya kiungo cha bure kilicho chini yake. Kampuni ilikuwa inalipia wateja waliokuwa njiani tayari. Procter & Gamble nao, katika robo moja ya mwaka 2017, walikata zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya kidijitali na wakasema mauzo hayakutikisika. Hii haina maana kwamba matangazo ni hewa. Maana yake ni kwamba ripoti inayokuonyesha walionunua baada ya kuona tangazo haikwambii wangapi wangenunua hata wasingeliona.

Huku kwetu serikali zimeitazama biashara hii zaidi kwa jicho la kodi. Kenya ilianza mwaka 2021 kutoza asilimia 1.5 ya mauzo ya huduma za kidijitali kwa kampuni zisizo na makazi nchini, na mwisho wa 2024 ikabadilisha utaratibu huo kwa kodi ambayo hesabu yake inafika asilimia 3 ya mauzo. Tanzania iliweka asilimia 2 kupitia Sheria ya Fedha ya 2022, na Uganda asilimia 5 mwaka uliofuata. Katika nchi kadhaa za Ulaya zenye kodi kama hizi, Google iliongeza ada kwenye ankara za wateja ili kufidia. Mwenye duka wa Nairobi au Mwanza asishangae kodi ya tajiri ikimfikia yeye.

Mwenye duka huyo, hata hivyo, ana bahati ambayo eBay hawakuwa nayo. Anapiga picha viatu, anaviweka Instagram na maneno "bei njoo inbox", anasponsa kwa shilingi elfu kadhaa kwa siku, na tangazo linampeleka mteja moja kwa moja WhatsApp. Njia hii ya kutoka kwenye tangazo hadi kwenye mazungumzo Meta iliikuta kwa wachuuzi wa nchi kama zetu, na ikaifanya biashara ya dola bilioni 10 kwa mwaka kufikia 2022. Tangu Juni 2025 hata WhatsApp, ambayo waanzilishi wake waliapa kutoweka matangazo, imeanza kuyaruhusu kwenye sehemu ya Status. Lakini mazungumzo yakishaanza, bei inapatanwa kwa sauti, malipo yanapita M-Pesa, mzigo unabebwa na bodaboda. Meta inajua mteja amegonga mlango. Kama alinunua, na alinunua kwa kiasi gani, anayejua ni mwenye duka.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, usiikabidhi hesabu hiyo kwa mtu mwingine. Mwulize kila mnunuzi amekuonea wapi, andika kwenye daftari. Mara moja kwa robo mwaka zima matangazo wiki mbili zisizo za sikukuu wala mwisho wa mwezi, ulinganishe mauzo na wiki mbili zilizotangulia. Ukikuta tofauti ni ndogo, punguza bajeti, na mwambie kijana anayekuendeshea kurasa akueleze ile ripoti yake ya kila Jumatatu ilikuwa inahesabu nini.